Historia ya Lenzi, Aliyemchonga Mchukuzi wa Maji

Wafiwa wenzangu, majirani mliokuja na viti vyenu wenyewe, wauguzi mliobadilishana zamu ili mfike, na nyinyi waheshimiwa wa klabu mliokaa safu ya mbele, juu ya viti vilivyobandikwa karatasi yenye neno FAMILIA kwa herufi kubwa, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma maisha ya mjomba wangu, nami nimepewa kwa sababu mbili, kwanza kwamba nina digrii ya historia, na pili kwamba leo ni Jumatano asubuhi na mimi ndiye mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hakuhitaji kuomba ruhusa kazini. Nitasoma polepole na nitasoma yote, na namwomba Jenerali, ambaye naona amekwisha kutazama saa yake, asiondoke kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho wa historia hii unamhusu yeye karibu sawa na unavyomhusu marehemu.

Marehemu, ambaye mimi nilimwita mjomba na watu wengine wote walimwita Lenzi, kwa ajili ya kile kioo cha kukuzia alichokivaa kwenye paji la uso hata akienda kununua sabuni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika kibanda cha mabati ndani ya uzio wa jengo lililokuwa likijengwa, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchukuzi wa maji na mama mponda kokoto. Kazi ya babu yetu ilikuwa mzega, mti begani, mtungi mbele na mtungi nyuma, kutoka bombani hadi kwa waashi, panda ngazi shuka ngazi, tangu msingi hadi paa, kwa kuwa zege halikorogwi kwa mate. Jengo hilo lipo hadi leo, mlangoni lina kibao cha shaba chenye jina la mbunifu, la mkandarasi, na la bwana mkubwa aliyekuja siku moja akakata utepe akaenda zake, jina la babu halipo, na ghorofa ya pili ya jengo hilohilo ndiko klabu hii ya vita vya mezani inakokutana kila Jumamosi. Kwa maneno mengine, waheshimiwa hawa wamepiganisha majeshi yao ya bati kwa miaka zaidi ya thelathini juu ya sakafu iliyokorogwa kwa maji ya babu yangu, huku wakibishana hadi mishipa ya shingo inawatoka, kuhusu iwapo mchukuzi wa maji naye ni mtu wa kuhesabika. Ubishi huo ndio uliokuwa maisha ya marehemu, haya mengine ni tarehe.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akawa mwanafunzi wa kawaida, na sitamsifu uongo eti kwa kuwa amekufa, hesabu zilimshinda, kuimba kulimshinda zaidi, ila alikuwa na tabia ya kuokota vipande vya chaki na kuvichonga kwa wembe, akitoa humo punda waliochoka, wapagazi, na watu wanaopiga miayo. Mwalimu wa historia, bwana ambaye kwake historia ilikuwa wafalme na tarehe za kufa kwao, alimkuta akiwa darasa la sita amepanga juu ya dawati jeshi zima la kale la chaki, akamuuliza mfalme yuko wapi, mjomba akamjibu, “Bado yuko nyuma, mwalimu, anasubiri afungwe viatu,” akachapwa, jeshi likachukuliwa, na wenzake waliosoma naye wanasema jeshi hilo lilikaa kwenye dirisha la nyumba ya mwalimu mpaka mwalimu alipostaafu. Alimaliza sekondari Novemba 1975, akapata cheti, cheti kikatiwa kwenye bahasha, na bahasha ikalazwa chini ya godoro, mahali ambapo na cha kwangu kinaishi kwa sasa, kikiwa katika hali nzuri sana, asanteni kwa kuuliza.

Kuhusu kazi, mjomba aliajiriwa Februari 1976 katika karakana ya meno ya bandia, chumba kisicho na dirisha nyuma ya kliniki, penye moto wa gesi, sinia la nta na rafu iliyojaa taya za plasta zinazokucheka mchana kutwa, na humo ndimo alimojifunza kuchonga kitu kidogo kuliko punje ya hindi na bado kikafanana na mwenyewe. Alidumu hapo miaka kumi na mitatu, hadi Machi 1989 alipoletwa bwana mmoja aliyevunjika jino la mbele kwa kufungulia chupa, ambaye ndiye huyu tunayemwita Jenerali, na kwa faida ya majirani wasiomfahamu niseme kwamba Jenerali hajawahi kuvaa gwanda, hajawahi kuwa hata skauti, ila baba yake alimwachia kiwanda cha vifungo na bizimu, naye akakigeuza kiwanda cha askari wadogo wa bati, wa enzi za kale tu, wale wa mikuki, ngao na magari ya farasi, wanaonunuliwa na watu wazima wenye vitambi ili wakawapange mezani, wawapimie hatua kwa futikamba, na kuamua kwa dadu nani afe. Akiwa amefunguliwa kinywa, Jenerali aliona rafuni mwendesha nyumbu aliyechongwa kwa nta ya meno, akaonyesha kwa kidole, na wiki iliyofuata, tarehe 1 Aprili, mjomba alianza kazi kiwandani, jino jipya likiwa limekwisha kukaa mahali pake. Jino hilo ndilo Jenerali analochekea hadi leo, na kila mara alipomcheka marehemu kwenye vikao, na alimcheka sana, alimcheka kwa kazi ya mikono ya marehemu mwenyewe.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea. Mchongaji humtengeneza mtu kwa waya na putii, mtu mzima asiyezidi kifundo cha kidole gumba, kisha mtu huyo wa asili hulazwa kati ya visahani viwili vya mpira na kubanwa kwenye joto kali hadi mpira ulishike umbo lake na kuwa kalibu, naye humohumo hupondeka, hatoki, ikawa kila mnachokishika mkononi ni nakala ya kitu ambacho hakipo tena. Halafu bati huyeyushwa, humiminwa, na watu husubiwa kwa mamia, mwili kipande chake, mkono kipande chake, na katika kila sanduku hutiwa vikorokoro vya kupambia ardhi chini ya miguu, jiwe, ngao iliyovunjika, chungu, ambavyo hakuna anayevikagua. Na mikuki, hili mlishike, mikuki ya kiwanda hiki hutoka ikiwa vijiti vitupu, kwa kuwa ncha ya bati hukatika njiani, hivyo kila mnunuzi huchonga ncha yake mwenyewe nyumbani kwa tupa, na wanajivunia hilo kama vile wamekivumbua chuma.

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Januari, klabu, ambayo mwenyekiti wake ni Jenerali, hupokea mapendekezo ya askari wapya wa kale wa kusubiwa kiwandani, mpendekezaji huweka sanamu yake kwenye sinia lenye kitambaa cha kijani, wajumbe huipitisha mkono kwa mkono, kisha kila mmoja huweka dadu mezani, sita juu akikubali, moja juu akikataa. Swali la kwanza huwa lilelile, nalo ni “Silaha yake iko wapi?”, kwa sababu kanuni yao inasema asiye na silaha hana pointi, na asiye na pointi hapandi mezani. Mjomba, ambaye mshahara wake ulikuwa ni kuchonga mashujaa wa Jenerali, alisimama kwa mara ya kwanza na pendekezo lake mwenyewe Januari 1993, akaweka kwenye sinia mchukuzi wa maji, mzee mkondefu mwenye mzega begani na sikio la kushoto lililopinda kama la babu, akaeleza kwa adabu zake zote kwamba jeshi la kale lililokosa maji halikufika hata kwenye hiyo vita wanayoipigania, akaulizwa silaha yake iko wapi, akasema hana, mikono yote miwili ina kazi, na dadu zikawekwa, moja, moja, moja, mpaka mwisho wa meza. Mhasibu wao, yule aliyevaa miwani ya jua humu ndani, alimwambia, “Lenzi bwana, sisi tunacheza vita, hatuchezi idara ya maji,” na wakacheka mpaka mtu akamwaga soda juu ya mlima wa mchezo pale mezani.

Alirudi mwaka uliofuata na mpishi wa kambi, wakamkataa, akarudi na muunga mifupa, wakamkataa, akarudi na mwanamke aliyebeba mfuko wa unga nyuma ya farasi, huyo hawakumpitisha hata mkono kwa mkono, na katikati ya mengine yote aliendelea kumrudisha mchukuzi wa maji, amezeeka kidogo, amebadili mguu wa mbele, mzega uleule, jibu lilelile. Mwaka 1996 Jenerali naye alipeleka pendekezo lake, jemadari wa kale mwenye ndevu, amekunja uso, na sura yake, with all due respect, ilikuwa sura ya Jenerali tupu, aliyoichonga marehemu kwa amri, baada ya kuambiwa mara tatu apunguze kidevu. Alipitishwa kwa sita zote, na wanachama wapya walipoanza kunong’ona kwamba jemadari huyo anafanana na mtu fulani, Jenerali aliongeza kanuni kwenye kitabu, kwamba pendekezo lililopita kwa sita zote haliondolewi, halibadilishwi, wala halijadiliwi tena, na hupewa pointi siku hiyohiyo. Watu hawa hujiita wapenzi wa historia. Mimi niliyeisomea historia miaka minne, na ambaye nikiomba kazi naandikiwa we regret to inform you, nasema kwamba mtu anayejua rangi ya kamba ya ngao ya kila kikosi na hajawahi kujiuliza askari wale walikunywa nini, huyo hapendi historia, anapenda ngao.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mkaza mjomba wetu aliyeketi hapa, mwoka mikate, ambaye alimjua alipokuja karakana ya meno kulalamika kwamba meno ya baba yake yanagonga kama kwato, mjomba akayapiga tupa, akayajaribisha, akamwomba mzee aseme kitu, mzee akasema, “Huyu kijana mpeni binti,” na wanaodai kwamba mzee alikuwa anatania hawamjui mzee. Waliishi miaka arobaini katika nyumba ya vyumba vitatu, ambayo chumba kimoja kilikuwa cha meza, taa na watu wa putii, na mkaza mjomba hakuwahi kuficha maoni yake, alisema mbele za wageni kwamba mume wake anawatengenezea wanaume wazima wanasesere, na wanaume hao wanamlipa dharau. Alisema pia, na hili alilisema bila mgeni yeyote kuwepo, kwamba akiingia na chai na kumkuta anamchonga yule mzee wa maji, hamsemeshi, anaweka kikombe na kutoka, kwa sababu hapo mtu anazungumza na baba yake.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa 1986, msusi na mpakaji rangi ya kucha, mwenye mkono mtulivu kuliko wa daktari yeyote aliyewahi kunidunga sindano, ambaye tangu yuko sekondari ndiye aliyewapaka rangi watu wa baba yake, macho, kucha, mpaka kiraka cha shati, na wa pili mwana, aliyezaliwa 1990, dereva wa lori, aliyefika alfajiri ya leo na amesimama pale nyuma kwa sababu kiti chake kimekaliwa na daktari wa meno wa klabu. Sikusudii kumwinua mtu. Nasema tu ilivyo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa Septemba 2023, akapimwa Oktoba, akaambiwa mapafu, na daktari alipomuuliza amefanya kazi gani akatikisa kichwa kabla mjomba hajamaliza kueleza, maana ni miaka thelathini na kitu ya moshi wa bati na vumbi la putii, katika chumba chenye feni moja iliyoharibika, feni ambayo Jenerali aliahidi kuitengeneza, na sitasema zaidi kuhusu feni, feni inajisemea. Alilazwa mara ya kwanza tarehe 8 Januari 2024, na siku chache baadaye Jenerali na mhasibu walikuja wodini, mikono mitupu, wakasimama miguuni mwa kitanda kama watu wanaokagua gari bovu. Mimi nilikuwepo, na mkaza mjomba alikuwepo akimenya chungwa.

Jenerali akasema, “Lenzi, tusidanganyane, hali tunaiona. Yule mzee wako wa maji, mimi sina ugomvi naye. Mpe mkuki tu. Mkuki mmoja, basi, Januari hii anapita, mwezi wa tano yuko dukani, na wewe umemwona kwa macho yako.”

Mkaza mjomba akaacha kumenya. Mjomba akavuta pumzi, kazi ambayo siku hizo ilichukua muda, akauliza, “Akiwa na mti mkononi anapita?”

“Mti, mkuki, ni kitu kimoja, ncha si watu wanachonga wenyewe,” akasema Jenerali.

“Basi nitampa mti mkononi, bosi.”

Walipotoka, mkaza mjomba alimpa mumewe chungwa zima bila kulimenya hadi mwisho, na katika ndoa ile hiyo ilikuwa ni hasira kubwa. Mimi nami nilikasirika, nilirudi nyumbani kwa miguu nikisema moyoni kwamba hata huyu wamemvunja, amemsimamisha mzee wetu miaka yote hiyo, na sasa anamvisha uaskari ili apate kufa vizuri. Alipewa ruhusa ya kurudi nyumbani, akakaa mezani na mtungi wa oksijeni kando, binti yake akimshikia taa, akamchonga mtu wake upya kutoka waya wa kwanza, na mara hii hata mimi niliyekasirika niliona kwamba ni mzuri, mzee yuleyule, sikio lilelile, amesimama wima, mkono wa kulia umeushika mti mrefu uliokwenda sambamba na mwili, na kando yake, kwenye sahani ya vikorokoro vya ardhi, palikuwa na vyungu viwili vidogo vyenye vishikio.

Jumamosi ya mwisho ya Januari mjomba hakuweza kupanda ngazi za baba yake, hivyo mimi ndiye niliyempeleka mzee wa putii ghorofa ya pili, nikamweka kwenye kitambaa cha kijani, nikarudi nyuma. Daktari wa meno akauliza, “Silaha yake iko wapi?” Kabla sijafungua mdomo Jenerali akamjibu, “Si hiyo hapo, mkuki. Huuoni?” Daktari wa meno akamgeuza kwenye mwanga, akasema mbona hauna ncha, Jenerali akamwambia, “Mikuki yetu ilianza lini kuwa na ncha? Mwanachama wa miaka kumi na tano unauliza kitu kama hicho mbele ya mgeni,” watu wakacheka, daktari wa meno akaona aibu, akamshusha. Mhasibu akaviona vyungu, akauliza na hivi je, Jenerali akasema, “Mapambo. Lenzi huyo, hata akijirekebisha haachi uchafu wake.” Hakuna aliyeniuliza mimi kitu, nami nilikuwa naamini kama wao. Dadu zikawekwa, sita, sita, sita, mpaka mwisho wa meza, na Jenerali kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda akamwandikia mzee pointi sawa na za walinzi wa mfalme. Wiki iliyofuata mzee wa asili akalazwa kwenye mpira, akapondeka, na kalibu ikatoka safi.

Marehemu alirudishwa hospitali tarehe 11 Mei, na tarehe 30, siku ya Alhamisi, sanduku la kwanza lilitoka kiwandani, juu yake pameandikwa kwa dhahabu kwamba humo mna wapiga mikuki wazee. Binti yake aliliingiza wodini ndani ya pochi yake ya vifaa vya kucha, akavuta pazia, akamwaga vipande juu ya meza ya chakula, akachukua ule mkuki usio na ncha, akaupitisha kwenye kishikio cha chungu cha kwanza, ukaingia, akaupitisha kwenye kishikio cha chungu cha pili, ukaingia, kwa kuwa tundu zile zilichongwa na mtu aliyezoea kufanya jino likae kwenye pengo lake bila kucheza. Kisha akaugeuza mkono ule wa kulia, ambao ni kipande cha peke yake na una nafasi mbili za kukaa, mti ukapanda ukalala begani, chungu mbele, chungu nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa na thamosi mkononi, na sikuelewa mpaka mkaza mjomba alipokaa chini. Binti akamvalisha baba yake kile kioo, maana mikono ilikuwa haifiki tena usoni, akamsogezea mzee karibu, naye akamtazama muda mrefu, kisha akasema, “Chungu cha nyuma kimekaa juu kidogo, mama, kishushe,” binti akakishusha, akasema, “Hapo.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kazi aliyoyasema. Alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Sasa Jenerali, hapa ndipo nilipokuomba usubiri. Ulinivuta nje asubuhi hii, pale kwenye mapipa, ukaniambia utasimama baada yangu uweke juu ya jeneza askari wako mpya, na useme kwamba Lenzi mwishoni alielewa mchezo, na ukaniambia pia kwamba nikisoma vizuri kuna nafasi kiwandani ya mtu wa kuandika maelezo ya masanduku. Nafasi hiyo mpe mwingine, nami ni mtu ambaye huwa siambiwi kuna nafasi. Kuhusu askari, usijisumbue, tayari yuko mezani karibu na picha, amepakwa rangi na binti ya marehemu, na nawaomba wote mtakapopita kuaga mwinamishe vichwa kidogo mumtazame, mtamwona mzega wake, mtaona na maji ndani ya vyungu, ni tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Hana mkuki. Hajawahi kuwa nao. Uliambiwa mti mkononi, ukasema mti na mkuki ni kitu kimoja, ukaupigia debe mwenyewe na kumwaibisha daktari wako wa meno alipojaribu kuona. Anapanda mezani kwa pointi ulizoziandika kwa mkono wako, alipita kwa sita zote, na kitabu chako kinasema aliyepita kwa sita zote haondolewi, habadilishwi, wala hajadiliwi tena, kanuni uliyoiweka ili kukilinda kidevu chako. Masanduku yamekwisha kusambaa madukani, na wa asili hayupo tena ili umwekee ncha. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi hii, pale ghorofa ya pili, jeshi lolote la kale litakalotaka kuhesabiwa pamoja na mchukuzi wa maji litahesabiwa naye, na babu yangu atakuwa amepanda ngazi zile mara moja zaidi, na mara hii atasimama juu ya meza. Naona daktari wa meno anacheka. Cheka, daktari, wewe ndiye pekee uliyeuliza kuhusu ncha.

Familia inawashukuru madaktari, hasa yule aliyekuwa akimwambia mgonjwa ukweli akiwa ameketi na si akiwa mlangoni, inawashukuru wauguzi wa wodi ya mapafu waliojifanya hawasikii harufu ya gundi nyuma ya pazia, majirani kwa viti, maji na kuni, na waoka mikate wenzake mkaza mjomba waliofunga tanuri leo. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, wale wa kusubu na wale wa kufunga masanduku, ambao walivijaribisha vile vyungu kwenye ule mti tangu siku ya kwanza, wakaelewa kila kitu, na hawakumwambia bosi. Klabu nayo inashukuriwa kwa kuja, na inaombwa itoke kwenye viti vya familia ili mwana wa marehemu akae.

Mjomba, maji yamefika. Tua mzega wako, upumzike.